Naomba ushauri: programu ya kuchezea taarabu za kwenye kadi kwa mtu asiyeona

MwalimuMstaafu, Tanga

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 63, na nimepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glaukoma na ambao kwangu ulikuja kimyakimya: jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata baada ya miaka minne, na tangu mwaka jana sioni ila mwanga wa dirisha. Matumizi ya simu kwa kisomaskrini cha TalkBack, yaani programu inayonisomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, nimefundishwa na mjukuu wangu. Ujumbe huu nimeuandika kwa kuisemea simu, kisha nikaupitia neno kwa neno, kwa hiyo mnivumilie mkikuta kosa.

Shida yangu ni muziki. Katika maisha yangu nimekusanya kaseti nyingi za taarabu na za muziki wa dansi, na kabla macho hayajafunga kabisa nilimlipa kijana mmoja akazihamishia kwenye kompyuta, na hatimaye kwenye kadi ya kumbukumbu ya GB 64. Ndani yake mna folda zilizopangwa kwa majina ya vikundi: Nadi Ikhwani Safaa na Culture Musical Club za Unguja, Black Star na Lucky Star za hapa kwetu Tanga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na nyinginezo. Kwa kuwa wimbo mmoja wa taarabu ya zamani huweza kufika dakika kumi na zaidi, yule kijana hakujisumbua kuzitenganisha. Upande mzima wa kaseti ya dakika 60 ameufanya faili moja ya nusu saa yenye nyimbo tatu au nne.

Programu ya muziki iliyokuja na simu imenishinda. Nikipitisha kidole chini ya skrini nasikia "kitufe kisicho na lebo", kisha "kitufe kisicho na lebo", mara tano mfululizo, na kila nikigonga sijui kama nimesimamisha wimbo, nimeuruka, au nimewasha ule uchezaji wa kuchanganya. Juzi nilibonyeza mahali nisipopajua, nikajibu "sawa" kwa swali ambalo sikulisikia vizuri, na upande mmoja wa Lucky Star ukafutika. Juu ya hayo, katikati ya kusikiliza huja tangazo linalojaza skrini nzima, na kitufe cha kulifunga nacho hakina jina.

Simu yangu ni ya bei ya kawaida, ina Android 12 na kumbukumbu ya GB 3. Natafuta programu inayocheza bila intaneti, inayonionyesha folda zangu kama nilivyozipanga, yenye vitufe vinavyojitaja, na ambayo itaniwezesha kusogea ndani ya faili ndefu bila kupotea. Nimesikia pia kwamba zipo programu zilizotengenezwa mahususi kwa ajili yetu tusioona. Je, hizo ndizo nizitafute?

Msikivu wa Kisauni, Mombasa

Shikamoo Mwalimu. Karibu sana, na pole kwa safari hiyo ya macho. Mimi nilizaliwa sioni, kwa hiyo sikupokonywa nilichokuwa nakijua, lakini simu za kugusa nimezitumia tangu 2013, na programu za muziki nilizopakua na kuzifuta hazina idadi.

Nianze na swali lako la mwisho. Programu zinazotangazwa kuwa ni za wasioona, kwa upande wa muziki, nakushauri uziepuke. Nyingi hutengenezwa na mtu mmoja mwenye moyo mwema; akipata shughuli nyingine au akichoka, programu haisasishwi tena, na kwa kuwa Android inabadilika kila mwaka, ipo siku utaigonga isifunguke. Inayodumu ni programu ya watu wote ambayo walioitengeneza walikumbuka kuvipa vitufe majina. Kwa kadi kama yako mimi naziamini mbili, VLC na foobar2000.

VLC inatolewa na VideoLAN, shirika la Ufaransa lisilotafuta faida. Haina malipo wala matangazo, na inacheza karibu kila aina ya faili utakayoipa, iwe MP3, FLAC au OGG. Watu huijua kama programu ya kutazamia video, ndiyo maana wengi hawaikumbuki wanapotaka kusikiliza muziki. Chini ya skrini utakuta sehemu tano: video, sauti, kuvinjari, orodha na ziada. Usiende kwenye sauti. Nenda kwenye kuvinjari. Sehemu ya sauti haitazami folda zako, bali hupanga nyimbo kwa jina la msanii na la albamu lililoandikwa ndani ya faili, na kaseti zilizohamishwa mara nyingi hazina maandishi hayo, hivyo utalundikiwa kila kitu chini ya "msanii asiyejulikana". Kwenye kuvinjari utaikuta kadi na folda zake zikiwa vilevile ulivyoziacha. Ukiifikia folda unayoipenda, gonga mara mbili na kushikilia kidole katika mguso wa pili, menyu itafunguka, nawe uiweke kwenye vipendwa ili kesho usianze tena kuitafuta.

foobar2000 ilianzia kwenye kompyuta za Windows mwaka 2002, na toleo lake la simu limerithi ukavu uleule: orodha za maandishi, menyu za maandishi, hakuna mapambo. Mwenye macho hulalamika kwamba haivutii, lakini kwetu ukavu huo ndio utamu wake, kwa sababu kilichoandikwa kinasomeka. Nayo pia inakubali kupita kwenye folda, na inaunganisha nyimbo bila kuacha pengo la kimya katikati.

Sasa nikupe namna ninavyoipima programu mpya kabla ya kuipa moyo wangu, kwa sababu huenda kesho ukashauriwa nyingine. Kwanza nagusa kitufe cha kuchanganya nyimbo na kusikiliza kama kinasema kimewashwa au kimezimwa. Kutaja jina peke yake hakutoshi. Kitufe kinachosema "changanya" bila kusema hali yake ni sawa na swichi ya taa kwangu mimi. Pili naingia kwenye orodha na kutelezesha kidole kuelekea kulia, nikihesabu. Programu iliyotengenezwa vizuri husoma jina la wimbo, mwimbaji na muda kwa pamoja kama kitu kimoja, kisha inafuata nukta tatu za menyu. Iliyotengenezwa ovyo huvitenganisha vyote, hivyo folda ya nyimbo 40 inakudai kutelezesha mara 160. Hapo sibishani nayo, naifuta.

Jambo jingine ambalo wageni wengi wa TalkBack hawaambiwi: huhitaji kuingia ndani ya programu kila mara. Muziki ukiwa unacheza, Android yenyewe huweka vitufe vya kusimamisha, kurudi na kwenda mbele kwenye eneo la arifa na kwenye skrini iliyofungwa, na vitufe hivyo kwa kawaida vina majina hata kama programu yenyewe ni bubu. Telezesha kidole kulia kisha chini kwa mkupuo mmoja, arifa zitafunguka. Na kwa kuwa Android yako ni ya 12, jaribu kugonga skrini mara mbili kwa vidole viwili kwa pamoja. Muziki utasimama, na ukirudia utaendelea, popote ulipo kwenye simu. Hedifoni za waya zenye kitufe nazo zisidharauliwe: bonyezo moja husimamisha, mawili huenda mbele, matatu hurudi nyuma.

Mwisho, ile programu iliyokuja na simu usiihukumu kabla hujajaribu kuibatiza. Weka kidole juu ya kitufe kisicho na lebo, fungua menyu ya TalkBack kwa kugonga vidole vitatu, na utafute chaguo la kuongeza lebo. Mjukuu akuambie alama iliyopo, wewe uandike "simamisha" au "mbele", na TalkBack itakumbuka. Haikubali kwa kila kitufe, kwa sababu kipo ambacho mtengenezaji hakukipa hata kitambulisho cha ndani, na hicho hakibatiziki.

DadaWaUpanga, Dar es Salaam

Shikamoo Mwalimu. Kaka wa Kisauni amesema mengi ya Android, mimi naongeza upande wa iPhone kwa faida ya wengine watakaousoma uzi huu, ingawa najua swali lako si hilo.

Kisomaskrini cha iPhone ni VoiceOver, ambacho kiliingia kwenye simu hizo mwaka 2009 pamoja na iPhone 3GS, mwaka uleule ambao TalkBack nayo ilianza. Kugonga mara mbili kwa vidole viwili kunasimamisha na kuendesha muziki huko pia, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo ambalo sisi wa iPhone tulijivunia. VLC na foobar2000 zipo kote kuwili. Tatizo kwa mtu wa kadi ni kwamba iPhone haina mahali pa kuchomeka kadi. Nyimbo zangu naziingiza kwenye VLC kwa kuwasha ndani yake chaguo la kupokea faili kwa Wi-Fi, kisha natumia kivinjari cha kompyuta kuzituma. Inawezekana, ila ni kazi, na bei ya simu yenyewe mnaijua.

Kuhusu huduma za kusikiliza kwa intaneti, Spotify ilifunguliwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021, na muziki mwingi wa sasa unapatikana humo. Lakini kuhifadhi nyimbo ili usikilize bila intaneti ni kwa wanaolipia, na sura za huduma za aina hii hubadilishwa mara kwa mara. Huduma moja niliyokuwa naitumia, ambayo siitaji, ilisasishwa usiku nikiwa nimelala; asubuhi kitufe cha kutafuta kilikuwa kimehama na vitufe vitatu vilikuwa vimepoteza majina. Mwenye kadi yake hapatwi na hayo.

Naomba niongeze jambo dogo ambalo lilinisumbua mwanzoni. Kisomaskrini na muziki vinagombania sikio lilelile. Ndani ya mipangilio ya TalkBack, kama ilivyo kwenye VoiceOver, kuna chaguo la kushusha sauti nyingine kisomaskrini kinapoongea. Ukiliwasha, muziki unainama kidogo, unasikia jina la kitufe, kisha unapanda tena. Wapo wanaolichukia kwa sababu muziki unayumba kila wanapogusa skrini. Mimi naliwasha ninapochagua nyimbo na kulizima nikishatulia. Na ukiunganisha spika ya Bluetooth, kumbuka kwamba sauti ya kisomaskrini nayo inatoka huko huko. Nilikuwa mwenye muziki kwenye arusi ya binamu yangu, ukaingia ujumbe, na ukumbi mzima ukasomewa salio langu la pesa za simu, ambalo kwa bahati mbaya halikuwa la kujivunia. Tangu siku hiyo, kabla ya kuunganisha spika mahali penye watu, nawasha hali ya kutosumbuliwa.

MwalimuMstaafu, Tanga

Marahaba wanangu, Mungu awazidishie. Nimeiweka VLC kwa msaada wa mjukuu, na kwenye sehemu ya kuvinjari nimezikuta folda zangu kama mlivyosema. Kugonga kwa vidole viwili kumenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Naweza kusimamisha muziki mgeni akibisha hodi bila kuhangaika.

Limebaki la faili ndefu. Nikiufikia ule mstari unaoonyesha muziki umefika wapi, TalkBack inataja asilimia. Mimi sijui asilimia 35 ya upande wa kaseti ni wimbo gani. Najua kwamba wimbo wa tatu unaanza kwenye dakika ya 19 hivi. Tena nikiusogeza unaruka hatua kubwa, ninaukosa mwanzo wa wimbo kila mara, na taarabu bila utangulizi wa vyombo ni kama chai bila sukari.

MtengenezajiProgramu, Nairobi

Salamu kwako Mwalimu. Mimi ninaona, na kazi yangu ni kutengeneza programu za Android, kwa hiyo nitaeleza kwa nini mstari huo unakufanyia hivyo.

Android humpa mtengenezaji kitelezi kilicho tayari, yaani mstari wa kusogeza kama huo wako. Kinapoguswa kwa kidole cha mtu anayeona, husogea popote kidole kinapokwenda. Kinaposogezwa kwa kisomaskrini, husogea sehemu moja kati ya 20 kwa kila hatua, yaani asilimia 5. Kwa wimbo wa dakika nne, hatua moja ni sekunde 12, na hakuna anayelalamika. Kwa faili yako ya dakika 30, hatua moja ni sekunde 90, ndiyo maana utangulizi wako unapotea. Kwenye iPhone, kitelezi cha kawaida huruka asilimia 10, kwa hiyo faili hiyohiyo ingeruka dakika tatu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyekadiria hatua hizo alikuwa akifikiria kitelezi cha sauti au cha mwangaza wa skrini, hakufikiria kaseti.

Mtengenezaji makini anaweza kurekebisha yote mawili. Anaweza kuamuru hatua iwe sekunde 10 badala ya asilimia, na tangu Android 11 anaweza pia kukiandikia kitelezi maelezo ya hali, ili kisomaskrini kiseme "dakika 19 na sekunde 5" badala ya "asilimia 63". Ni mistari michache ya msimbo. Vivyo hivyo kwa vitufe visivyo na majina: kila picha ya kitufe ina nafasi ya kuandikiwa maelezo, na zana zenyewe za kutengenezea programu hutuonya nafasi hiyo ikiachwa wazi. Wengi wetu huliona onyo, tunaahidi kulirudia, na haturudi. Lililo baya zaidi ni pale mtengenezaji anapoamua kuchora kitelezi chake mwenyewe ili kipendeze, kwa mfano kile cha mviringo au chenye mawimbi ya sauti. Kisipoandikwa kwa uangalifu, kwa TalkBack hakipo kabisa.

Kwa leo, achana na kitelezi. Katika VLC, ukiwa kwenye skrini ya kinachocheza, fungua menyu ya chaguo za ziada na utafute "nenda kwenye muda". Utaandika dakika na sekunde, nayo itakupeleka hapo hapo. Katika menyu hiyohiyo mna alamisho: ukifika mwanzo wa wimbo, weka alama, na siku nyingine utairukia moja kwa moja. Humo humo utakuta pia kipima muda cha kuzima muziki unapolala, ambacho kwa nusu saa ya taarabu ya usiku nadhani utakihitaji.

Dawa ya kudumu, hata hivyo, ni kuzikata faili. Kijana aliyezihamisha azifungue kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, aweke lebo mahali kila wimbo unapoanzia, kisha aamuru zitolewe zote kwa mkupuo, kila lebo ikiwa faili yake. Audacity inaendeshwa kwa kibodi bila kipanya, kwa hiyo hata mtu asiyeona mwenye kompyuta anaweza kuifanya kazi hiyo. Faili asili msizifute. Zihifadhini kwenye diski nyingine, hasa baada ya yaliyoupata upande wa Lucky Star.

Ombi moja kutoka kwa sisi watengenezaji: mkikuta kitufe bubu, tuandikieni. Kila programu kwenye Play Store ina anwani ya mtengenezaji. Msiandike tu kwamba programu haifai. Andikeni jina la skrini, kitufe cha ngapi kutoka kushoto, na TalkBack inasema nini hasa. Barua ya namna hiyo naweza kuifanyia kazi jioni ileile.

Shangazi_Mwanza

Nawasalimu wote. Naona mazungumzo yamejaa wanaotumia sauti, nami naomba nafasi ya wenye uoni hafifu, maana tunasahauliwa pande zote mbili. Nina ualbino. Ninaona, lakini si kwa umbali na si kwa udogo, mwanga mkali unaniumiza, na macho yangu yanachezacheza yenyewe bila kutulia.

TalkBack siitumii kwa muziki. Ninachotazama ni mambo ambayo ndugu wa TalkBack hawayaulizi. Programu nyingi huandika jina la wimbo likitembea kutoka kulia kwenda kushoto pale linapokuwa refu. Kwa macho yanayochezacheza, maandishi yanayotembea hayasomeki hata yakiwa makubwa. Nyingine huweka maandishi ya kijivu juu ya picha ya albamu yenye rangi za kila namna. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kijivu juu ya rangi ya machungwa mara nyingi hakifiki huko. Vitufe navyo Google inapendekeza viwe na upana wa milimita 9 hivi, lakini kile cha kufunga tangazo sijakiona kikifika.

Mimi nimebaki na foobar2000, kwa kuwa orodha zake zimetulia na mandhari meusi hayaniumizi. Nimekuza maandishi kwenye mipangilio ya simu yenyewe, na pale yanaposhindikana nagonga skrini mara tatu kwa haraka ili kikuzaji cha Android kifanye kazi, njia ambayo huwashwa kwanza kwenye mipangilio ya ufikivu. Onyo kwa anayetaka kujaribu: kikuzaji na kitelezi havielewani, kwa sababu ukishakuza, mwisho wa mstari unakuwa nje ya skrini. Kwa hiyo ushauri wa "nenda kwenye muda" umenifaa hata mimi, na nimeiweka VLC kwa ajili hiyo peke yake.

Mwalimu, kama bado unaona mwanga wa dirisha, usiku jaribu kuifunika skrini. TalkBack ina chaguo la kuificha, simu ikaendelea kufanya kazi ikiwa nyeusi, na mwanga hautakusumbua kitandani.

Msikivu wa Kisauni, Mombasa

Narudi kwa jambo moja la Mwalimu ambalo hatujaligusa, nalo ni majina ya faili. Sijui kadi yako ikoje, lakini ya kwangu, ambayo sehemu yake nilijaziwa na vijana wa kuuza nyimbo mtaani, kila faili ilianza kwa anwani ya tovuti ilikotoka. TalkBack ilikuwa ikinisomea "dabliu dabliu dabliu nukta" na jina refu la tovuti kabla ya kufika kwenye wimbo, kwa faili mia nane. Nyingine zilikuwa na jina zuri kwa nje, lakini ndani, kwenye nafasi ya msanii, pameandikwa jina la tovuti.

Kwenye kompyuta natumia kisomaskrini cha NVDA, ambacho ni cha bure, pamoja na programu iitwayo Mp3tag. Unaifungulia folda nzima, unazichagua faili zote, na unaiambia ifute maneno fulani kwenye majina, au ichukue jina la faili na kulinakili ndani kama jina la wimbo. Folda ya nyimbo mia humalizika kabla chai haijapoa. Mkizikata kaseti, yapeni majina hapo hapo: namba mbili kwanza, kisha wimbo, kisha mwimbaji. Namba iwe 01, 02, si 1, 2, kwa sababu programu nyingine hupanga 10 kabla ya 2.

Na sauti ya kusomea uichague kwa kuzingatia muziki wako. Huduma ya sauti ya Google ina Kiswahili, na eSpeak NG nayo ina Kiswahili, ingawa ya pili inaongea kama redio yenye betri zilizokwisha. Nilipokuwa natumia sauti ya Kiingereza, "Ikhwani Safaa" ilitamkwa kwa namna ambayo wazee wa Malindi ya Unguja wangefungua kesi. Lakini ukiwa na nyimbo za Kiingereza nazo, ujue sauti ya Kiswahili italipiza kisasi.

MwalimuMstaafu, Tanga

Ndugu zangu, nimerudi kuwaeleza nilipofika. "Nenda kwenye muda" nimeipata, imejificha kidogo lakini ina jina. Nimeandika dakika 19, nikasikiliza, nikarudi sekunde chache, na baada ya majaribio matatu nimeupata mwanzo kamili wa wimbo wa tatu na kuuwekea alama. Jana usiku nimeweka alama kwenye pande sita za Black Star. Kipima muda cha kulala nimekiweka dakika 30, lakini nimegundua kwamba kikikata katikati ya ubeti naamka, kwa hiyo nimekiongeza hadi 40.

Ile programu iliyokuja na simu nilijaribu kuibatiza kama mlivyonielekeza. Vitufe vitatu vilikubali, viwili vilikataa, na kimoja kati ya vilivyokataa ndicho cha kufuta. Nimemwambia mjukuu aiondoe kwenye skrini ya mwanzo nisije nikaikanyaga tena.

Majina ya faili zangu hayana tovuti, ila yana "Upande A" na "Upande B" bila jina la kikundi, kwa hiyo nikitoka nje ya folda sijui ni upande wa nani. Yule kijana amekubali kuja Jumamosi na kompyuta yake tuzikate kwa Audacity. Mimi nitasikiliza na kumwambia huu ni wimbo gani na nani anaimba, yeye ataandika. Zile kaseti zenyewe bado zipo sandukuni, na amesema upande uliofutika ataurekodi upya kama utepe haujaharibika. Tukikwama kwenye Mp3tag nitauliza hapa hapa.